Mvua Isiyonyesha Jumapili

Kazi yangu ya kwanza ya kuajiriwa ilikuwa kutoa mvua kwenye madaftari na kuiingiza kwenye kompyuta. Nilikuwa nimemaliza cheti cha kilimo, nina miaka ishirini na minne, nimepanga chumba kimoja Chang'ombe ya Dodoma, nyuma ya duka la mitumba. Ofisi yetu ilikuwa kitengo kidogo cha utafiti nje kidogo ya mji: vyumba vitatu, na bati lililopiga kelele kila upepo ulipovuma. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kila wiki tulisikia shirika fulani limeuzwa na watu wake wamepunguzwa kazi. Gari geni likiingia uani, wote tulikwenda dirishani kulitazama, tukijiuliza limekuja kutupa kazi au kutufukuza.

Gari lililoleta kompyuta lilimleta na mtaalamu. Alikuwa Mtanzania, daktari wa mambo ya mimea, amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa bado kijana, na alikuwa na tabia ya kuvua miwani na kuifuta kila alipotaka kusema jambo zito. Alitueleza kwamba kampuni moja ya vinywaji inatafuta mahali pa kulima shayiri hapa hapa nchini badala ya kuiagiza nje, na kwamba mashamba ya kule kwenye baridi hayatoshi. Je, Dodoma na uhaba wake wa mvua inaweza? Kulima majaribio kwa miaka thelathini ili kujua ni jambo lisilowezekana. Kwa hiyo angelima ndani ya kompyuta. Programu yake, aliyoiita modeli, ilipewa aina ya udongo na hali ya hewa ya kila siku: joto, jua na mvua. Nayo ilikuza shayiri siku baada ya siku kwa hesabu tupu. Leo imeota, leo ina majani matatu, leo ina kiu, leo imetoa suke. Mwisho wa msimu inakuambia umevuna kiasi gani, au hukuvuna kitu.

"Lakini modeli haijui Dodoma," alisema akifuta miwani. "Inajua kile tu tunachoiambia. Na siku moja tu ikikosekana kwenye takwimu, inagoma."

Mkuu wetu wa kitengo, mtu wa makamo aliyekuwa pale tangu kuta zikiwa na rangi, alitikisa kichwa kwa heshima. Mtaalamu alipotoka kwenda kunywa chai, mkuu akanigeukia. "Binti, shayiri ya kwenye kioo hailiwi na ndege wa kwelea kwelea. Lakini wewe ingiza tu. Tukiukosa mradi huu, mwakani humu ndani watafugia mbuzi."

Nikaanza kuingiza. Madaftari yalitoka kwenye vituo vitano vya mvua. Kituo hapa ni neno kubwa: ni kopo la chuma lililosimikwa uani kwa mtu, na bilauri ndefu yenye mistari. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji anamimina maji ya kopo kwenye bilauri, anasoma mstari, anaandika. Miaka mingine nilikuta imeshanakiliwa kwenye fomu kwa mwandiko wa mkuu, na chini ameweka sahihi. Hizo zilinipa raha kwa sababu zilisomeka vizuri.

Daftari lililonipa shida lilikuwa la Zuzu. Msomaji aliyeandikishwa huko alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilipofika miaka ya karibuni niliona mwandiko umebadilika, umekuwa wa herufi kubwa zilizokandamizwa. Halafu nikaona jambo jingine. Kila baada ya mistari sita palikuwa na sifuri. Nikachukua kalenda za zamani nikalinganisha. Sifuri zote ziliangukia Jumapili. Miaka minne mfululizo, masika na kiangazi, Zuzu haikupata tone la mvua siku ya Jumapili. Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, lakini hata kwa majirani zangu Wakristo sijawahi kusikia wingu linaloshika Jumapili.

Nilimpelekea mkuu. Akacheka bila kufurahi. "Hao wanakaa kilabuni mwezi mzima, tarehe thelathini wanajaza daftari kwa kalamu moja. Iache Zuzu ya miaka hiyo. Tumia zile fomu nilizosahihisha mimi."

Mtaalamu alikuwa mlangoni, amesikia. "Asiiache," alisema. "Aende akaone."

"Huko hakuna cha kuona," mkuu akajibu upesi. "Kwa jua kali hili, binti wa watu atapoteza siku nzima."

Nilidhani ananihurumia.

Nilikwenda kwa baiskeli ya ofisi, nikafuata reli, nimejaa hasira ya kitoto ya mtu anayekwenda kumkamata mwongo. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilipopiga hodi, akatoka mama mtu mzima, mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani, akasimama katikati ya mlango kama anayeuziba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Mjini, ofisi ya utafiti. Nimekuja kuangalia kipima mvua."

"Kuangalia," akarudia. "Au kung'oa?"

Kopo lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa uzio wa miiba ili mbuzi wasiliguse, na ardhi kulizunguka imefagiliwa mpaka inang'aa. Hilo peke yake lingenitosha, lakini sikuwa tayari kuamini. Nilimwomba maji, nikayamimina kwenye kopo nikiwa nimempa mgongo, nikamwambia apime. Alijua kabisa ninachofanya. Aliinua bilauri, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na usawa wa maji, kama tulivyofundishwa chuoni na kama wengi wetu tusivyofanya, akataja milimita na sehemu yake ya kumi. Nikasoma mwenyewe. Ilikuwa ile ile.

"Umeridhika?" akauliza.

Mume wake, yule mstaafu wa reli, alikuwa amekaa ndani kwenye kigoda. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe yote mawili. Alinyoosha mkono kwenye upande usio wangu kunisalimia, kwa Kigogo: "Mbukwa." Nikauzunguka mkono wake nikaushika.

"Mimi niliandika mpaka namba zikaanza kutembea," alisema. "Sasa anaandika huyu."

"Mbona hamkutoa taarifa ofisini, baba?"

Akajibu mke. "Tungesema mzee haoni, mngekuja kulichukua kopo. Mngempa mtu mwingine. Mzee akikosa kusikia mvua ya jana ilikuwa ngapi, hali chakula."

Nikaona sasa ndipo pa kuuliza. Nikatoa daftari. "Mama, miaka minne hii, mbona hapa kwenu mvua hainyeshi Jumapili?"

Alinitazama kwa muda, kama anayepima kama nina akili timamu. "Nani kasema hainyeshi?" Akaweka kidole kwenye mstari wa Jumatatu. Pembeni ya namba palikuwa na msalaba mdogo. Akashuka wiki moja, msalaba mwingine. "Jumapili saa tatu niko kanisani. Naimba. Maji yanakaa kwenye kopo mpaka Jumatatu, nayapima pamoja, naweka msalaba ili mjue ni ya siku mbili. Ninyi mliosoma, msalaba hamkuuona?"

Nilikuwa nimeuona. Nilidhani ni mama anajaribu kalamu, au ni uchaji wake tu. Kwenye fomu ya kompyuta hapakuwa na nafasi ya msalaba, kwa hiyo sikuujali. Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema kaa, ule.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Tukiwa katikati ya chakula, akauliza bila kuinua macho: "Yule mkubwa wenu, hajamaliza kunakili kile kitabu?"

"Kitabu gani, mama?"

"Cha mwaka wa njaa. Alikuja na pikipiki kabla ya hiyo mashine yenu haijafika, akakichukua, na vingine viwili. Alisema anakwenda kunakili, atarudisha wiki hiyo hiyo."

Nilirudisha tonge sahanini. Mwaka ule wa njaa kila mtu wa kanda ya kati anaukumbuka. Kwetu Kondoa tulikula pumba. Lakini mimi nilikuwa nimeshauingiza mwaka huo wa Zuzu kwenye kompyuta, kutoka kwenye ile fomu safi yenye sahihi, na ulikuwa mwaka wa mvua nzuri. Nilikuwa nimeuandika kwa mikono yangu na sikushtuka. Vidole vilipiga namba, kichwa kikiwa kwingine.

"Natamani ningekiona," nikasema.

"Si nimekwambia kimekwenda."

Mzee akasema neno kwa Kigogo, mke akamjibu kwa ukali, mzee akarudia neno lile lile taratibu. Mama akanawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na madaftari matatu ya shule yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mtu wa ofisi akiomba kitabu, unampa," alisema. "Lakini siku hizi kila kitu kinauzwa. Sikujua anakwenda kukiuza wapi. Siku aliyotuma salamu kwamba anakuja, nikanakili vyangu. Hivi havitoki hapa. Kama unataka, kaa uandike."

Nikakaa. Yeye akasoma, mimi nikaandika. Alisoma tarehe, kisha namba, na kwa mwezi wa Desemba tulikwenda vizuri. Januari ikapungua. Ilipofika Februari akawa anasema "ziro" tu, ziro, ziro, sauti yake ikishuka. Siku moja kati ya hizo akasimama. "Hapa tulichinja ng'ombe wa mwisho kabla hajafa mwenyewe," alisema, kisha akasoma ziro ya kesho yake. Mzee kwenye kigoda alikuwa akitingisha kichwa kila namba, kana kwamba anahakiki. Nilipotoka jua lilikuwa limeinama, mkono umekufa ganzi, na nilikuwa nimenakili misimu mitatu.

Kesho yake ofisini sikumwambia mtu. Nilifungua mwaka wa njaa kwenye kompyuta nikaupitia mstari kwa mstari. Katikati ya Februari palikuwa na mvua moja kubwa, milimita arobaini na saba na pointi tatu, na namba hiyo nilihisi nimewahi kuiona. Nilikuwa nimeingiza pia takwimu za kituo kimoja cha nyanda za juu, kule kwenye baridi shayiri inakolimwa, ambazo mtaalamu alizitanguliza ofisini kabla hajafika mwenyewe, kwa ajili ya kulinganisha. Nikazitafuta. Arobaini na saba na pointi tatu ilikuwepo. Na ya kesho yake ilikuwepo, na ya kesho kutwa. Msimu mzima wa Zuzu ulikuwa msimu wa huko milimani, hata sehemu za kumi hazikuguswa. Nikafungua ile miaka mingine miwili. Hivyo hivyo.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwingine mle ofisini. Mkuu aliponiuliza Zuzu nilikuta nini, nikajibu kwamba msomaji ni mzima na kopo ni safi. Alinikazia macho. "Hawakukwambia kingine?" Nikasema hapana. Makaratasi yangu nilikuwa nayafunga ndani ya khanga, nakwenda nayo chooni, narudi nayo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikujua mtaalamu yuko upande gani. Ndiye aliyeleta takwimu za milimani. Ndiye mwenye mradi. Ripoti yake ilikuwa karibu kukamilika, na sentensi yake kuu nilikuwa nimeisoma mwenyewe kwenye kioo: katika miaka yote iliyoigizwa, hakuna hata mmoja ambao shayiri ilikufa kabisa. Kwa sentensi hiyo wakulima wangeshauriwa kutenga sehemu ya mashamba yao ya mtama na uwele wapande shayiri.

Siku ya tatu mkuu alikwenda kwenye kikao. Nikapiga moyo konde.

"Daktari, ukiupata mwaka mmoja ambao shayiri imekufa, utafurahi au utakasirika?"

Akavua miwani. Safari hii hakuifuta. "Kwa nini unauliza hivyo?"

"Nataka kujua kwanza."

"Nani kakutuma?" Sauti yake ilibadilika. "Kuna watu hawaitaki shayiri hapa. Kuna watu wa kampuni nyingine. Umekutana na nani huko Zuzu?"

Nilitambua kwamba na yeye ananiogopa kama nilivyomwogopa. Hiyo ndiyo iliyonipa nguvu. Nikafungua khanga, nikaweka karatasi zangu mezani, nikamwonyesha na takwimu za milimani kwenye kioo, siku kwa siku. Alipofika siku ya kumi aliacha kufuata kwa kidole. Akasema: "Ingiza."

Niliingiza msimu ule wa njaa alionisomea mama. Nilikosea mara mbili, nikafuta nikarudia. Mtaalamu akaianzisha modeli, na tukasubiri, maana kompyuta za wakati ule zilifikiri polepole. Shayiri ikaota Desemba. Ikaweka majani. Januari namba ya kiu ikaanza kupanda, na katika wiki ya pili ya Februari, kabla haijatoa suke, safu nzima ikageuka sifuri. Imekufa. Akaingiza mwaka wa pili wa yale madaftari. Ikakauka baada ya kutoa suke, mavuno kidogo mno. Wa tatu, ikafa tena.

Mtaalamu alichukua ufunguo wa gari akaenda Zuzu peke yake. Sikumlaumu kwa kutoniamini. Hata mimi nilikuwa nimemwagia mama wa watu maji kwenye kopo.

Alirudi na kumkuta mkuu amerejea, akaniita na mimi. Tulisimama wote watatu, hakuna aliyekaa.

"Uliponikabidhi zile fomu zako ulisema takwimu za miaka mitatu zilipotea," mtaalamu alisema. "Ukasema umejaza pengo kwa kukadiria."

"Wewe mwenyewe ulisema modeli inagoma siku moja ikikosekana."

"Hazikukosekana. Ulizifuata kwao ukazichukua."

Mkuu alitazama nje, uani, ambako mlinzi alikuwa akimwagilia miche. "Ulitaka niwaonyeshe mwaka wa njaa watu wanaotafuta mahali pa shayiri?" alisema. "Wangegeuza gari pale pale getini. Nina watu tisa hapa. Wilaya ya jirani kitengo kama hiki kimefungwa, mwenzangu anauza maandazi." Kisha akanigeukia, wala si kwa hasira. "Na wewe ulikuwa kwenye hao tisa, binti."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwizi. Mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa amenipa kazi nilipokuwa sina pa kwenda, na kwa woga wake angewaacha wakulima wa Zuzu wapande shayiri mahali ambapo yeye mwenyewe alijua itakufa. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na sikujua niyaweke wapi.

Ripoti iliandikwa upya. Ilisema kwamba shayiri ya kutegemea mvua kwenye eneo letu ni kucheza na njaa, na kwamba labda ingewezekana penye maji ya kumwagilia, maji ambayo hatukuwa nayo. Mtaalamu alisahihisha pia Jumatatu zangu zote zenye msalaba, akinieleza kwamba kwa mche mchanga, mvua ya siku mbili na mvua ya siku moja si kitu kimoja. Kampuni ilikwenda kutafuta kwingine. Mtaalamu akaondoka, na kompyuta yake ikaondoka naye. Mkuu hakuchukuliwa hatua yoyote. Alibaki kwenye kiti chake, na kwa miezi iliyofuata alinisalimia kila asubuhi kwa adabu kamili, bila neno la ziada.

Nilirudi Zuzu mara moja kuwaeleza walivyosaidia. Nilidhani watafurahi. Mzee alifurahi, alinishika mkono muda mrefu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa kama si shayiri, mtaleta nini?" Nikamwambia sijui, labda hawataleta kitu. Akatikisa kichwa. Hakuniamini, na kusema kweli sikuwa na cha kumwonyesha.

Mwaka uliofuata karatasi ya kupunguzwa kazi ilibandikwa ukutani. Tulikuwa wanne: mlinzi, mfagizi, dereva na mimi. Orodha ilitoka juu, ndivyo walivyosema, na huenda ni kweli. Nimeshakutana na wengi waliopunguzwa miaka ile bila kumkosea mtu. Lakini usiku nikikosa usingizi bado huwa naifikiria sahihi ya mkuu iliyokuwa chini ya ile karatasi, nikijiuliza nani aliulizwa majina.

Nilipata kazi kwenye duka la pembejeo pale pale Chang'ombe. Serikali ilikuwa imeacha kuuza mbegu, sasa kila mwenye duka aliuza, na mbegu nyingine zilikuwa nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi. Wakulima waliotoka vijijini walifungua mfuko kabla ya kununua. Walinusa, waling'ata punje moja, wakaniuliza imetoka wapi, nani kaileta, na kama mimi mwenyewe nimeshaipanda. Mwenye duka aliudhika, akasema wanamchafulia biashara. Mimi niliwapa kiti wakae, nikawafungulia na mfuko wa pili.